Baraza la Hoteli na Watu wa Barabarani

Wiki iliyopita tulisoma darasani kifungu cha ufahamu kilichotaja "hoteli ya kihistoria", na mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "hoteli inawezaje kuwa na historia, na watu huingia tu, wakala, wakaondoka?" Wenzake walicheka, lakini swali lake halikuwa la kuchekwa. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki neno hoteli lina maisha mawili. Hoteli ya mtaani ni chumba chenye mabenchi na meza mbili tatu, ambamo mtu hupata chai, chapati na maharagwe. Kitanda hakimo, na anayetaka kulala huelekezwa kwenye gesti. Hoteli ya pili ni ile yenye bawabu mlangoni, aliyevaa kofia na koti la vifungo vya shaba. Katika ile ya kwanza huingia yeyote mwenye njaa na shilingi chache. Katika ya pili, kwa sehemu kubwa ya umri wake, njaa na shilingi hazikutosha, na hapo ndipo historia inapoanzia.

Nitaitazama historia hiyo kupitia sehemu moja ya jengo, yaani baraza. Watu wa pwani hujenga baraza la mawe nje ya nyumba, kando ya mlango, ili jirani na mpita njia waketi, wanywe kahawa na kupashana habari bila kuingia ndani kwa wenyeji. Kutoka kwenye kikao hicho neno likapanda cheo, na leo tuna Baraza la Mawaziri na mabaraza ya wilaya. Hoteli kubwa zilizojengwa katika makoloni nazo zilikuwa na mabaraza mapana, yenye viti vya kulalia na meza za vinywaji. Mafundi waliyainua juu ya barabara, yakawa kama jukwaa ambalo aliyeketi aliweza kuwatazama wanaopita, na wanaopita waliweza kumtazama yeye. Jirani hakukaribishwa kuketi.

Hoteli za namna hii ni zao la karne ya 19. Zamani msafiri alilala katika nyumba ya wageni, mara nyingi chumba kimoja na watu asiowajua. Mwaka 1829 hoteli ya Tremont House ilifunguliwa mjini Boston, Marekani, ikiwa na mambo ambayo leo tunayaona ya kawaida: mlango wenye kufuli na ufunguo wa mgeni mwenyewe, sabuni chumbani, na maji ya bomba ndani ya jengo. Kisha reli na meli za mvuke zikaongeza wasafiri matajiri, na kila kituo kikubwa kikahitaji mahali pa kuwalaza. Hoteli ya Savoy ya London ilifunguliwa mwaka 1889 ikiwa na taa za umeme na lifti. Iliongozwa na César Ritz, Mswisi aliyezaliwa kijijini mwaka 1850, mtoto wa mwisho katika familia ya wakulima yenye watoto 13. Ritz aliachishwa kazi Savoy mwaka 1898, na mwaka huohuo akafungua hoteli yake mwenyewe mjini Paris, katika uwanja wa Vendôme, pamoja na mpishi mashuhuri Auguste Escoffier. Mtoto wa mkulima ndiye aliyewafundisha wafalme maana ya kukaribishwa vizuri. Jambo hilo hunifurahisha kila ninapolisimulia, ingawa sina hakika kama wafalme waliligundua.

Tuache Ulaya, twende Cairo. Huko Mwingereza Samuel Shepheard alianzisha hoteli mwaka 1841, nayo ikaja kuitwa kwa jina lake. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, Cairo ikawa njiapanda ya wasafiri wa Ulaya na Asia, na baraza la Shepheard's likapata sifa duniani kote. Maafisa wa jeshi, watalii waliokuja kuona piramidi, waandishi na wapelelezi waliketi pale wakitazama barabara. Kwa Wamisri wengi waliopita chini, baraza hilo lilikuwa picha ya Uingereza iliyoikalia nchi yao tangu mwaka 1882.

Tarehe 25 Januari 1952 jeshi la Uingereza lilishambulia kituo cha polisi mjini Ismailia, karibu na Mfereji, na kuua askari polisi Wamisri wapatao 50 waliokataa kusalimisha silaha. Kesho yake Cairo iliwaka moto. Makundi ya watu yaliteketeza mamia ya majengo, hasa yale yaliyohusishwa na wageni: mabenki, sinema, maduka makubwa, vilabu. Shepheard's iliteketea ikabaki majivu. Miezi sita baadaye, tarehe 23 Julai, maafisa wa jeshi la Misri walifanya mapinduzi yaliyomwondoa Mfalme Farouk. Hoteli yenye jina hilo ilijengwa upya mwaka 1957, lakini kwingine, kando ya Mto Nile. Wanafunzi wa uraia waikumbuke pia tarehe 25 Januari. Misri iliifanya kuwa Siku ya Polisi kwa kuwaenzi wale wa Ismailia, na mwaka 2011 waandamanaji waliichagua siku hiyohiyo kuanza maandamano yao dhidi ya polisi na serikali ya Hosni Mubarak.

Mumbai, India, ilipata jibu la namna nyingine. Yako masimulizi kwamba mfanyabiashara Jamsetji Tata alizuiwa kuingia katika hoteli ya Watson's, iliyokuwa ya Wazungu, ndipo akaapa kujenga iliyo bora zaidi. Wanahistoria wengi wanayatilia shaka masimulizi hayo. Hata hivyo yameendelea kusimuliwa kwa zaidi ya miaka 100, kwa sababu ubaguzi unaotajwa ndani yake ulikuwa wa kweli hata kama kisa chenyewe hakikutokea. Hoteli ya Tata, Taj Mahal Palace, ilifunguliwa tarehe 16 Desemba 1903 ufukweni mwa bahari, na Tata mwenyewe akafariki mwaka uliofuata. Jengo lile maarufu la Gateway of India, ambalo watalii hudhani lilitangulia, lilimalizika mwaka 1924. Kwa hiyo waliofika kwa meli waliliona kwanza kuba la hoteli ya Mhindi. Mwezi Novemba 2008 magaidi walioshambulia Mumbai waliingia Taj na kuishikilia kwa siku tatu. Wengi wa wageni waliookoka waliokolewa na wahudumu na wapishi, ambao walizijua njia za nyuma na wangeweza kukimbia, lakini wakabaki. Kadhaa kati yao waliuawa.

Sasa tuje kwa jirani yetu Kenya, maana hapa ndipo mfano wangu wa baraza ulipozaliwa.

Nairobi haikuwa mji kabla ya reli. Ilianza mwaka 1899 kama kambi ya wajenzi wa Reli ya Uganda, mahali pa kupumzikia kabla ya kupanda milima. Miaka mitatu baadaye mwanamke aitwaye Mayence Bent alianzisha hoteli ya Stanley, na siku ya Krismasi mwaka 1904 ikafunguliwa hoteli ya Norfolk, pembeni mwa mji. Walowezi waliokuwa wakigawiwa mashamba katika nyanda za juu walifikia hapo wakisubiri ardhi. Wengi wao walitoka katika koo za kikabaila za Uingereza, hata watu wakaibandika hoteli jina la utani la baraza la juu la Bunge la London, lile la malodi. Walikuja pia wawindaji. Wageni kama Theodore Roosevelt, aliyewasili mwaka 1909 mara tu baada ya kumaliza urais wa Marekani, waliifanya Nairobi ijulikane duniani kuwa mlango wa safari. (Neno letu safari liliingia katika lugha za Ulaya likiwa limepunguziwa maana. Kwao safari ikawa ya kutazama au kuwinda wanyama tu, ambapo kwetu hata kwenda sokoni kijiji cha pili ni safari.)

Waafrika waliingia Norfolk kama wapishi, madobi, watunza bustani na wahudumu. Nje ya hoteli kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa kufanya kazi alipaswa kubeba kipande, cheti cha alama za vidole na rekodi ya kazi, kilichowekwa ndani ya kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni. Mwaka 1921 waajiri walipanga kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, wakati kodi ya nyumba ilikuwa imepanda. Katika mashamba, wanawake na wasichana walilazimishwa kufanya kazi.

Kijana mmoja aliyekuwa mpokeaji simu katika ofisi ya hazina ya serikali, Harry Thuku, alianza kuyasema hayo hadharani. Aliunda chama cha vijana, kisha akakipanua ili kivuke mipaka ya kabila, kikaitwa East African Association. Alisaidiwa na Mhindi M. A. Desai, mhariri wa gazeti, aliyempa nafasi ya kufanyia kazi katika ofisi yake. Maneno yake dhidi ya kipande na kazi za kulazimishwa yalivuta umati. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa.

Kituo cha polisi alimofungiwa kilikuwa karibu na hoteli ya Norfolk. Wafanyakazi wa Nairobi waligoma, na kufikia tarehe 16 maelfu walikuwa wamekusanyika nje ya kituo wakidai aachiliwe. Wajumbe walikwenda kuzungumza na wakuu wa serikali, wakarudi wakiwaomba watu watawanyike, kwa ahadi kwamba Thuku angefanyiwa haki. Baadhi ya wanaume wakaanza kuondoka. Ndipo alipojitokeza mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru. Akapandisha vazi lake hadi mabegani, akawaambia wanaume wachukue gauni lake na wampe yeye suruali zao. Katika mila za Wakikuyu hakuna tusi lililozidi hilo kwa mwanamume. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukarudi kusonga mbele hadi kwenye bayoneti za askari, nao polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Serikali ilitangaza kwamba watu 21 waliuawa. Waafrika waliokuwa Nairobi siku ile walisema waliokufa walikuwa wengi zaidi, mara mbili au zaidi. Na masimulizi ya walioshuhudia yanasema jambo jingine: walowezi waliokuwa wameketi kwenye baraza la Norfolk nao walichukua bunduki zao wakafyatua, na watu waliokuwa wakikimbia walipigwa risasi kutoka upande huo.

Nimelisoma tukio hili mara nyingi, na kila mara ninasita kwenye baraza lile. Askari aliyekuwa barabarani anaweza kudai kwamba aliamriwa, au kwamba aliogopa umati. Aliyekuwa barazani hakuamriwa na mtu. Alikuwa mgeni wa hoteli, huenda glasi yake ilikuwa bado mezani.

Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kushtakiwa mahakamani, kisha akahamishiwa sehemu nyingine za kaskazini. Aliporudi baada ya miaka mingi alikuwa mtu mwingine. Alijitenga na wanasiasa wakali, akawa mkulima wa kahawa, na wakati wa Mau Mau akaipinga vita ya msituni. Wanafunzi huvunjika moyo wanaposikia hivyo. Mimi siwafichi. Hoteli nayo iliendelea: mwaka 1927 ilinunuliwa na Abraham Block, Myahudi aliyekuwa amefika Kenya bila mali, na familia yake ikaikuza. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1981 bomu lililipuka ndani yake wakati watu wakila chakula cha sherehe, likaua watu zaidi ya 10 na kuwajeruhi wengine wengi. Ilijengwa tena. Baada ya uhuru Kenya ilibadilisha majina ya barabara nyingi za Nairobi, na barabara inayopita mbele ya Norfolk ikapewa jina la Harry Thuku. Anayeiandikia barua hoteli ile leo hana budi kuandika kwenye bahasha jina la mfungwa ambaye umati ulimwendea siku ile.

Msomaji atauliza kama sheria haikuwa na la kusema kuhusu mlango wa hoteli. Ilikuwa nalo, lakini ilitegemea nani anaishtakia nani na wapi. Mwezi Julai 1943 Learie Constantine, mchezaji mashuhuri wa kriketi kutoka Trinidad, alifika katika hoteli ya Imperial mjini London akiwa na mkewe na binti yao. Alikuwa amekodi vyumba kwa siku nne. Wakati huo alikuwa pia mtumishi wa Wizara ya Kazi ya Uingereza, akishughulikia ustawi wa mafundi wa Karibi waliokuja kusaidia katika vita. Akaambiwa kwamba anaweza kulala usiku mmoja tu, kwa sababu kuwapo kwake kungewaudhi wageni wengine, hasa wanajeshi wa Kimarekani. Constantine aliishtaki hoteli. Hapakuwa na sheria ya kukataza ubaguzi wa rangi Uingereza. Alitegemea kanuni ya kale isemayo kwamba mwenye nyumba ya wageni hawezi kumkataa msafiri bila sababu ya haki. Mwaka 1944 Jaji Birkett alimpa ushindi, na fidia ya gini tano, yaani zaidi kidogo ya pauni tano. Fedha hizo hazikufaa kitu, lakini hukumu ilifaa. Mwaka 1965 Uingereza ilitunga sheria yake ya kwanza dhidi ya ubaguzi wa rangi, na mwaka 1969 Constantine akawa mtu mweusi wa kwanza kupewa ulodi wa maisha. Kwa hiyo aliingia katika baraza la malodi lile lenyewe, si la utani.

Walipopata uhuru, viongozi wa Afrika nao walitaka hoteli zao. Walitaka marais wenzao wakija kwenye mikutano walale mahali panapolingana na heshima ya bendera mpya. Dar es Salaam ikajenga Kilimanjaro. Hapa Kampala, katika miaka ya 1960, ikajengwa hoteli iliyoitwa Apolo, jina la Rais Apolo Milton Obote. Idi Amin alipompindua, jina likafutwa, na hoteli ikaitwa Kampala International. Kwa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1975 yakajengwa majengo ya Nile Mansions, karibu na ukumbi wa mikutano. Wageni walipoondoka, watu wa usalama walibaki. Katika utawala wa Amin, na tena baada yake, raia walipelekwa mle kuhojiwa na kuteswa, na chumba namba 211 kikapata sifa ambayo wazee wa Kampala bado huitaja kwa sauti ya chini. Leo majengo hayo yamekarabatiwa, yana jina jingine, bustani na chemchemi za maji. Mlango ule uliokuwa umefungwa kwa Mwafrika chini ya mkoloni, kwa miaka kadhaa ulifunguliwa ili aingizwe kwa nguvu.

Kigali ilikuwa kinyume chake. Hôtel des Mille Collines, iliyojengwa na shirika la ndege la Ubelgiji, Sabena, ilifunguliwa mwaka 1973. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, watu zaidi ya 1,000 walikimbilia humo. Maji yalipokatwa walikunywa ya bwawa la kuogelea, wakiyagawana kwa ndoo. Filamu ya mwaka 2004 iliifanya hoteli hiyo ijulikane ulimwenguni na kumtukuza meneja wake, lakini baadhi ya waliookoka humo wamepinga vikali jinsi kisa kilivyosimuliwa. Ningependa wanafunzi wajue jina jingine lililosahauliwa na sinema: Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa asiyekuwa na silaha. Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana alipouawa tarehe 7 Aprili, Diagne aliwaficha watoto wake na kuwafikisha Mille Collines. Kwa wiki kadhaa aliendelea kupita kwenye vizuizi vya barabarani kwa utani, sigara na ujasiri, akiwatoa watu wachache wachache. Aliuawa kwa kombora tarehe 31 Mei. Tangu mwaka 2014 Umoja wa Mataifa una nishani ya ushujaa yenye jina lake.

Bwawa jingine la kuogelea liko Beira, Msumbiji. Wareno walijenga huko Grande Hotel katikati ya miaka ya 1950, jumba la saruji lenye ngazi za kuzunguka na mabaraza yanayotazama Bahari ya Hindi. Wageni matajiri waliotarajiwa hawakufika kwa wingi, na baada ya miaka michache hoteli ikafungwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowatimua watu vijijini, wakimbizi waliingia wakakaa. Milango, mbao za sakafu, nyaya na vioo viling'olewa na kuuzwa. Lakini watu hawakuondoka, na watoto waliozaliwa mle wamezaa watoto wao. Wakazi wamejichagulia viongozi wa kusuluhisha ugomvi na kusimamia usafi. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira mwezi Machi 2019, nyumba nyingi za mji ziliezuliwa mapaa, ila saruji ya hoteli ilisimama. Katika bwawa walimokusudiwa kuogelea watalii, wanawake hufua nguo. Jioni watu huketi kwenye mabaraza, na anayepita chini akiitwa hupanda.